Golofa ya Pili

Jirani, geuza hiyo ndoo ukae. Mangi bado anawapimia wale watoto unga, hapa tuna muda. Nataka nikueleze kwa nini mtu mzima wa miaka 34, asiye na mke wala mchumba, ana viatu vya kike namba 38 chini ya kitanda. Najua umeshasikia. Mtaa mzima umeshasikia. Lakini umesikia kwa mama mwenye nyumba, na yule kila akihadithia anaongeza kisigino.

Chanzo ni shule. Mimi ni mwanachuo, si unajua. Nasoma Kiswahili.

Haya, cheka. Wote wanacheka. Konda nikimwonyesha kitambulisho anauliza nasoma nini, nikimjibu anawaambia abiria. Mama mwenye nyumba aliniuliza, "Kiswahili? Kwani baba, siku zote ulikuwa unaongea nini?" Baba mkubwa kule mkoani, ambaye aliuza ndama ili nije huku, alinyamaza kwenye simu mpaka salio likakata. Salio langu. Nilipopiga tena akauliza swali moja tu: hao walimu wenyewe wanafundisha kwa lugha gani? Nikamwambia kwa Kiswahili. Akasema, "Kwa hiyo umelipa ada uongee na watu."

Na ukweli nikwambie, nilikichagua kwa uvivu. Fizikia siijui, hesabu ndiyo kabisa, Kiingereza nikikiongea natoka jasho mgongoni. Kiswahili naota nacho. Nagombania nacho siti. Nani anafeli kitu anachogombania nacho siti? Nikapiga picha nimekaa darasani nimekunja nne, A zinaanguka kama maembe.

Siku ya kwanza Dokta aliandika ubaoni neno moja: anakula. Akasema tulichambue, tutoe mofimu zake. Yule mama ni mpole, anaongea kama anabembeleza mtoto. Nikainua mkono. Mzee mzima, katikati ya watoto waliotoka kidato cha sita juzi, nimeinua mkono. Nikasema: "ana" na "kula".

Darasa likanyamaza. Kile kimya cha watu waliomwona mtu kavaa shati ndani nje na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumwambia.

Kumbe ni a, na, ku, l, a. Vipande vitano. Na mzizi, yaani lile jiwe lenyewe ukishamenya maganda yote, ni L. L peke yake! Jirani, wiki nzima nilitembea na hiyo L. Kitu kilichonitoa mkoani, kitu kinachofanya jina langu liwe kwenye daftari la madeni la Mangi kurasa tatu, mzizi wake ni herufi moja. Ndiyo maana hakitoshi. Na ile ku nayo si ya kuaminika hata kidogo. Ukiwa unakula, ipo: anakula. Usipokula inakimbia: hali. Sili. Yaani siku sina hela hata ku inaniacha. Nikaangalia kufa, mzizi ni F. Kuja, J. Kunywa angalau wamemjazia, nyw. Kukopa ndiyo mzizi wake una nyama, kop, na wala sikushangaa.

Halafu zikaja ngeli. Mimi ngeli nilizisoma darasa la nne, A-WA, U-I, KI-VI, nikaimba nikasahau. Chuoni nikakuta zina namba kama nyumba za serikali. Kuna Mjerumani mmoja, Wilhelm Bleek, alikuwa kule Rasi ya Tumaini Jema, ndiye aliyetupa hili jina la Bantu, na kitabu chake cha kulinganisha sarufi kilianza kutoka mwaka 1862. Akaja Mjerumani mwingine, Carl Meinhof, mwisho mwisho wa karne ile, akazipanga vizuri. Mtu: ngeli ya 1. Watu: ya 2. Kitu: ya 7. Vitu: ya 8. Nikasema sawa, hii nimeielewa. Likaja jaribio: kifaru yuko ngeli gani? Nikajibu KI-VI. Ameanza na ki, akiwa na mwenzake ni vifaru, mnataka nini tena? Sifuri. Ukimwangalia umbo yuko na viti na visu, lakini akianza kutembea anahamia kwa watu: kifaru anakuja, vifaru wanakuja. Dokta akasema inategemea unaainisha kwa umbo au kwa upatanisho wa kisarufi. Kwa hiyo kifaru ana nyumba mbili, na mimi hata kodi ya moja sina.

Hayo nayavumilia. Kuna mwingine, Ferdinand de Saussure, huyo Mswisi, wanasema ndiye baba wa isimu ya kisasa. Alikufa 1913. Kitabu chake kikubwa kikatoka 1916. Miaka mitatu amezikwa! Wenzake walichukua noti za wanafunzi waliokuwa wanamsikiliza darasani, wakaunganisha, kikawa kitabu. Niliposikia hivyo nikafungua daftari langu niangalie ingekuwaje kama Dokta wetu angetutoka kabla hajaandika lolote. Wiki ya tatu nimechora sahani ya chipsi mayai. Wiki ya nne nimeandika "Kiashiria", mstari chini, halafu hesabu ya deni la Mangi. Nikaomba Mungu ampe yule mama maisha marefu.

Sasa kilichonimaliza ni R.

Wewe umeshaniona naongea miaka mingapi? Umewahi kunisikia natoa R? Haipo. Mdomoni kwangu kuna L tu, imeajiriwa kazi zote mbili. Ukiona R humu kwenye safu ujue mhariri ameiweka yeye, na nina wasiwasi ananikata hela kwa kila moja. Nikiandika nabahatisha. Nikajua nahitaji vitu vya mtihani, nikamtumia shemeji meseji, mume wa dada, mtu wa Tanga huyo, wale Kiswahili wamezaliwa nacho: "Shem, naomba hela ya karamu, mtihani umekaribia." Shemeji akajibu: "Mtihani kwanza. Karamu baadaye." Nilifanya mtihani kwa kalamu ya kuazima, ikawa inatoa wino ukiipulizia. Siku nikienda ukweni kuulizia mahari, ulimi utatoa mahali, wazee watanielekeza choo.

Darasani nikaambiwa kalamu na karamu ni jozi ya mlinganuo finyu. Jina kama la ukoo wenye vikao vingi. Maana yake maneno mawili yanapishana sauti moja tu na maana inabadilika, kwa hiyo hizo sauti mbili kila moja ni fonimu yake. Kwenye Kiswahili. Kule kwetu, kwenye lugha ya mama, L na R hazibadilishi maana ya kitu. Ni sauti moja yenye mashati mawili, na kitaalamu hayo mashati yanaitwa alofoni. Jirani, nilifurahi siku ile! Miaka yote nilidhani nina kasoro, kumbe nina fonolojia.

Nikaanza hata kiburi. Nikajifunza kwamba mwaka 1928 watu walikaa kikao Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 kamati ikaanza kazi rasmi. Sasa fikiria wangekaa kwetu. Nauli tu ndiyo iliyotuponza. Kikao kingefanyika chini ya ule mwembe wa baba mkubwa, leo hii watoto wa Unguja wangekuwa wanachapwa kwa kutoa R.

Dokta akasema tufanye mazoezi. L ni kitambaza, R ni kimadende: ncha ya ulimi inatetemeka kwenye ufizi. Na wenye shida ya gh, ambao pia ni mimi, ile ni kikwamizo ghuna cha kaakaa laini. Nikaona nisipoteze muda, nifanyie kwenye daladala. Nimesimama, nimeshika bomba, natafuta gh kooni. Ghhh. Ghhh. Mama aliyekaa mbele yangu akamhamisha mtoto. Kijana akafungua dirisha. Mzee mmoja akasema apewe mfuko huyu, akakumbushwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019. Konda akasema, "Anko, kama inatoka shuka, ndani tumetoka kuosha." Nikashushwa vituo viwili kabla ya kwangu na nauli hawakurudisha.

Basi muhula wa pili tukapewa kazi ya uwandani. Kila mtu akakusanye data ya matamshi mtaani. Dokta akatusimulia habari za William Labov, Mmarekani. Mwaka 1962 huyo bwana aliingia kwenye maduka makubwa matatu ya New York, moja la matajiri, moja la watu wa kati, moja la watu wa chini. Anamfuata muuzaji, anauliza kitu fulani kiko wapi, kitu ambacho ameshajua kiko ghorofa ya nne, maana kwa Kiingereza chao "ghorofa ya nne" ina R mbili, na yeye alikuwa anawinda R. Muuzaji akimjibu, Labov anajifanya hakusikia, anauliza tena. Muuzaji anarudia, safari hii kwa kujitahidi. Labov anasogea pembeni, anaandika. Watu 264 walijibu bila kujua wako kwenye utafiti. Akaonyesha kwamba duka likiwa la bei ya juu na R zinaongezeka, na mtu akirudia kwa makini zinaongezeka tena.

Nikasema hii ndiyo yangu. Haitaki dodoso, haitaki kutoa kopi, haitaki soda za kuwanywesha wahojiwa. Unauliza njia tu! Na Mungu si Athumani, ghorofa ina gh na ina R, zote mbili adui zangu, kwenye neno moja. Waarabu ghurfa kwao ni chumba tu, sisi ndio tukakipandisha juu.

Pa kwenda ni Kariakoo. Kwanza nilijaribu duka la matajiri, lenye kiyoyozi, kama Labov, lakini mlinzi aliniangalia viatu akaniuliza nimetumwa na nani. Kariakoo hawakuulizi. Halafu hata jina lake linafaa isimu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kambi ikawa pale, watu wakalitafuna hilo jina wakatema Kariakoo. R ikabaki nzima. Sijui walitumia ulimi wa nani.

Nikachagua jengo moja la maduka. Nikapeleleza: viatu vya kike viko ghorofa ya pili. Simu nikaiweka mfuko wa shati inarekodi, kwa usalama, kidaftari mfuko wa nyuma. Nikaanza na mlinzi wa mlangoni, mzee wa watu, ameketi kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa kamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Samahani mzee wangu, viatu vya kike viko golofa ya ngapi?"

"Ghorofa ya pili."

"Eti?"

"Ghorofa ya pili, kijana!"

Nikasogea pembeni nikaandika. Rahisi! Nikamfuata muuza mikanda. Golofa ya ngapi? Akajibu. Eti? Akarudia. Nikaandika. Muuza chaji. Mama wa karanga. Vijana wa mizigo, wale ukiwaambia eti wanakuitikia na tusi, nikaliandika na tusi. Kufikia mtu wa kumi na tano nilishajiona profesa. Kufikia wa ishirini nikaanza kusikia minong'ono. Kile kijia chote kinanijua. Muuza mikanda anamwambia mwenzake, "Huyu hasikii vizuri, ongea kwa nguvu." Dada mmoja wa vitenge akanishika mkono kabisa, akanielekezea kidole juu, akaonyesha vidole viwili. Mama wa karanga akasema, "Maskini, atakuwa ametumwa na mkewe, anaogopa kurudi bila viatu." Wakanihurumia, jirani. Watu wa Kariakoo, saa saba mchana, wakanihurumia.

Nikakomaa mpaka arobaini. Wa arobaini alikuwa kijana mmoja mwenye roho nzuri kupita kiasi. Nilipomwambia eti, hakuishia kurudia tu. Alinibeba mkono juu kwa juu, ngazi mbili mbili, mpaka ghorofa ya pili, mpaka kwenye duka la viatu, akamkabidhi dada muuzaji: "Huyu ndiye yule anayetafuta tangu asubuhi."

"Karibu kaka yangu! Namba ngapi?"

Ningesema nini? Kwamba niko kwenye utafiti? Nyuma yangu wamepanda watu kama sita kuja kuona nikifanikiwa. Nikasema 38. Sijui ilitoka wapi, nadhani ni namba ya ukurasa niliokuwa nasoma. Akavitoa vyekundu, vina kifungo cha dhahabu. Elfu ishirini na tano. Nikasema sina. Akashusha mpaka kumi na nane, akasema kwa ajili ya wifi. Watu wakapiga makofi. Ile kumi na nane ilikuwa ya wiki mbili, na bumu lilishaisha zamani. Nikateremka na mfuko, mlinzi akanipa mkono wa hongera.

Lakini data ninayo! Watu 40, mara mbili mbili, majibu 80. Nikakesha kuandika. Na matokeo yangu, jirani, Labov mwenyewe angekaa chini. Maana kwangu hakukuwa na asilimia asilimia. Golofa: 80. Ghorofa: 0. Kariakoo nzima hakuna anayetoa gh wala R. Nikaandika hitimisho kwamba kimadende kimeshakufa Dar es Salaam na wahusika wa kamusi wajulishwe.

Siku ya kuwasilisha nikavaa shati la kola. Nikasoma. Nilipofika kwenye zile 80, Dokta akavua miwani.

"Wote? Hata mmoja hakutamka R?"

"Wote, Dokta. Hata yule mzee wa mlangoni. Hata shikamoo yangu aliitikia malahaba."

"Una sauti zake?"

Ninazo! Kwa furaha kabisa nikatoa simu. Dokta akaiunganisha kwenye spika ya darasa.

Mtoto wa watu anapocheka akajiziba mdomo, sauti inatokea puani, kitaalamu ni king'ong'o. Darasa zima liligeuka king'ong'o. Nikawa sielewi wanacheka nini. Namsikia mlinzi anasema golofa. Namsikia muuza mikanda anasema golofa. Nikamwambia Dokta, si mnasikia? Msichana wa mbele yangu akageuka, machozi yanamtoka, akasema, "Kaka, wanasema ghorofa." Nikamwambia ndiyo, golofa. Akasema hapana, ghorofa. Nikamwambia si ndiyo hiyo hiyo! Akalala juu ya meza.

Dokta akarudisha nyuma, akacheza tena, taratibu, kwa ule upole wake. Akasema watu wote 40, mara zote mbili, wametoa gh na R safi kama watangazaji wa redio. Mara ya pili wanaivuta kabisa, kama mtu anayemfundisha mtoto. Halafu akasema Labov hakuwahi kulitaja neno lenyewe. Aliuliza tu vitu viko wapi, akawaachia wao walitaje. Mimi nimelitaja kwenye kila swali. Kwa hiyo siku nzima, kuanzia mlinzi mpaka yule kijana wa ngazi, wale watu hawakuwa wananielekeza. Walikuwa wananisahihisha.

Golofa kwenye ile rekodi ipo. Ipo mara 40. Yote ni ya mtu mmoja.

Nikapewa mpaka Ijumaa nirudie, la sivyo ni sapu. Nikaamua kurudi pale pale, sina nauli ya kupeleleza jengo lingine. Safari hii nimejipanga: silitaji neno, nauliza viko wapi, na mtoto wa mama mwenye nyumba, yuko darasa la tano, atanisikilizia rekodi aniambie ipi ni R, kwa malipo ya andazi moja kwa kila watu kumi.

Nafika mlangoni, sijafungua mdomo, mlinzi akasimama.

"Ahaa, baba wa viatu! Vimemtosha?"

"Havijamtosha, mzee. Naulizia tu viko wapi..."

Akanishika bega. Akanitazama mdomoni, siyo machoni, mdomoni. Akasema kwa sauti ya mtu aliyeamua kubeba mzigo wa mwenzake, "Siku ile nilikuona unavyohangaika nikasikitika sana. Nina mjukuu alikuwa hivyo hivyo. Hebu tuanze kidogo kidogo. Sema gho."

"Go."

"Siyo mbaya. Sasa sema ro."

Muuza mikanda ameshasogea. Mama wa karanga ameacha kufunga vikaratasi. Simu iko mfukoni, inarekodi. Nikavuta pumzi, nikapeleka ncha ya ulimi kwenye ufizi kama nilivyofundishwa, nikatetemesha mpaka mashavu.

"Lo!"

"Usishangae," akasema mzee. "Sema tu."